Maswali na majibu: Duka moja, mafundi watatu

Maswali ya wiki hii yametoka pande zote za jiji la Mwanza, na mengi yana kilio kimoja: tunajenga duka la mtandaoni watu kadhaa, mbona kila mmoja anaona lake?

Igoma: Picha za bidhaa zinaonekana kwenye laptopu yangu, nikipandisha kwenye seva hazionekani. Seva ni mbovu?

Seva ni nzima. Faili umeliita Sangara.jpg, kwenye msimbo umeandika sangara.jpg. Windows ya laptopu yako haijali herufi kubwa na ndogo, Linux ya seva inajali. Majina yote yawe ya herufi ndogo.

Nyegezi: Tuko watatu, tunajenga duka la dagaa kwa WooCommerce, programu-jalizi ya duka ya WordPress. Kila mmoja ana XAMPP yake, seva ya majaribio ya kwenye laptopu, na matoleo ya PHP, lugha inayoendesha duka, hayalingani. Kazi ya mmoja kwa wenzake inagoma. Tumesikia habari za Docker, inayoendesha mazingira yale yale kwenye kila mashine, ila bando halitoshi.

Wadogo zangu, hapo mna maduka matatu. Wekeni XAMPP pembeni, mtumie Docker. Andikeni faili moja la maelekezo yake, compose.yaml, mtaje humo toleo la PHP na la MariaDB (programu ya databesi) yale yale yaliyopo kwenye seva mtakakopeleka duka. Yatajeni kwa namba. Mkiandika latest, atakayepakua mwezi ujao anaweza kupata toleo jingine, na ugomvi utaanza upya. Faili hilo likae kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, pamoja na msimbo wenu. Picha za bidhaa na nywila zisiingie humo.

Kuhusu bando, apakue mmoja tu. Akimaliza, azifunge imeji (vifurushi vya programu alivyopakua) kwa docker save ziwe faili moja, alitie kwenye flashi, na wenzake walifungue kwa docker load. Git nayo haidai intaneti. Tafuteni laptopu kuukuu, hata yenye kioo kilichopasuka, iunganisheni na ruta, mtengeneze humo repo, ghala la pamoja la msimbo, kwa git init --bare. Mtapushi (mtatuma kazi humo) kutwa nzima bila kugusa bando. Laptopu hiyo ikifa, historia ya msimbo bado mnayo, maana kila aliyekloni, yaani aliyenakili repo, anayo nzima kwenye mashine yake. Databesi haimo kwenye Git. Hiyo itoleeni nakala kila jioni, ikalale nyumba nyingine.

Na hili hamkuuliza: msihariri kitu kwenye duka lililo hewani kwa kuwa "ni mstari mmoja tu". Mkikosea, mteja aliyefika hatua ya kulipa ataona ukurasa mweupe, na hatarudi kuwauliza kulikoni.

Buhongwa: Git na GitHub ni kitu kimoja?

Hapana. Git ni programu iliyo kwenye mashine yako, GitHub ni huduma ya kuhifadhi kazi mtandaoni. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno, sitalichapisha tena.

Kirumba: Tunaweza kunakili databesi ya duka linalofanya kazi ili tujaribie?

Msithubutu. Humo mna majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nyinyi pia. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa duka la viatu. Nikabadilisha hali ya oda iwe "imetumwa", nikijua niko kwenye majaribio, kumbe mfumo ulikuwa na funguo halisi (nywila za huduma) za kutuma ujumbe mfupi kwa wateja. Mama mmoja alivuka kwa kivuko cha Kamanga kufuata mzigo ambao haukuwepo. Nauli nilimrudishia. Mwenye duka alibaki na aibu ambayo sikuwa na namna ya kuilipa.

Tengenezeni wateja wa kubuni, hamsini wanatosha. Barua pepe zote za majaribio zinaswe na Mailpit, programu ya kunasa barua pepe za majaribio, zisitoke nje, na malipo yapite kwenye mazingira ya majaribio ya kampuni ya malipo, kwa funguo zake za majaribio.

Pasiansi: Mwenzetu alikomiti (alihifadhi kwenye Git) faili la .env lenye funguo za malipo, tukapushi. Nimeshalifuta na kukomiti upya. Tumepona, kaka?

Hamjapona. Git inatunza historia, kwa hiyo yeyote mwenye repo anaweza kurudi nyuma na kuzisoma. Kuliweka .env kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git iyaache, sasa kutazuia kosa lijalo, hili limeshatokea. Ingia kwenye akaunti ya malipo leo, batilisha funguo hizo, toa mpya, kisha mpigie mwenye duka umweleze kila kitu kabla hajaona muamala asioujua.