Müller, Wałęsa na Haaland: tuwatamkeje?

SWALI: Nasoma habari za michezo redioni na kila mara nakutana na majina ya Ulaya yenye nukta, mikia na mistari juu ya herufi. Niyasome kana kwamba alama hizo hazipo? Na nikiandika, naweza kuziacha? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, usiziruke. Alama hizo mara nyingi hubadili sauti yenyewe, kama ritifaa inavyotenganisha ng'oa na ngoa. Kwa Kijerumani schon ni "tayari", schön ni "nzuri".

Nyingi tayari zimo kinywani mwetu. Ñ ya Kihispania ni ny ya nyumba. Š ya Kicheki na Kikroatia ni sh, č ni ch. Ć ya Modrić ni ch laini zaidi kidogo. Sema "Modrich", kamwe usiseme "Modrik". Waaislandi wana ð na þ, yaani dh ya dhahabu na th ya thamani. Eiður Guðjohnsen, aliyechezea Chelsea na Barcelona, huandikwa Eidur nasi tukaisoma d, ilhali dh tunayo tangu utotoni! Hilo linanisikitisha kweli, maana hapo Mswahili angeweza kutamka vizuri kuliko Wazungu wengi.

Zinazotusumbua ni ü na ö. Kwa ü ya Müller, tamka i ya "sisi", ulimi ubaki hapohapo, kisha viringa midomo kama unayetaka kusema u. Kwa ö fanya vivyo hivyo ukianza na e, midomo iwe ya o. Ø ya Ødegaard ni sauti hiyohiyo, imevaa tu vazi la Kinorwe na Kidenmaki. Jaribu mbele ya kioo, utaona midomo ikifanya kazi yote.

Kipolandi kinahitaji uangalifu zaidi. Ł husomwa w, na w husomwa v. Hivyo Lech Wałęsa, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1983 na kuwa rais mwaka 1990, ni "Vawensa", ile n ikipita puani. Mji wa Łódź hutamkwa karibu na "Wuch". Anayesema "Lodzi" hataeleweka huko. Faraja ni kwamba mkazo wao kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na wetu: Lewandowski ni "LevanDOFski".

Haaland nako kuna mtego. Aa hiyo ni maandishi ya zamani ya å, herufi ambayo Norwe iliirasimisha mwaka 1917, na sauti yake ni o. Wanorwe husema karibu na "Hoolan", d ya mwisho haisikiki.

Kuhusu kuandika, ziweke alama. Zikikosekana kabisa, Mjerumani mwenyewe huandika Mueller, na ß huwa ss. Lakini usiupeleke mtindo huo wa ue kwenye lugha nyingine: kwa Kihispania nukta za ü katika pingüino zinasema tu kwamba u isimezwe, "pingwino". Kwenye simu nyingi, bonyeza herufi u bila kuachia; aina zake zitajitokeza juu ya kidole, uchague unayoitaka.