Maswali ya wasomaji: Familia nzima kwenda misheni kijijini

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu umepanga familia nane ziende siku nne kwenye mtaa mmoja wa kanisa, kijijini wilayani Chamwino, likizo ya Juni. Tutakuwa watu 26, kati yao watoto 12, mdogo kabisa ana miaka mitano. Kamati inataka tupande miti 300 na kupaka rangi darasa la chekechea. Je, kazi hizi zinawafaa watoto? – Mama wa watatu, Kisasa, Dodoma

JIBU: Ameni, mama. Rangi ndiyo. Miti, kwa mwezi huo, hapana.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Mche wa Juni utakaa karibu miezi sita bila tone. Miche 300, kila mmoja lita 5 mara mbili kwa wiki, ni lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita 20 kila wiki. Ninyi mtakuwa mmesharudi mjini. Madumu hayo yatabebwa kichwani na akina mama wa pale na watoto wao. Tena mwezi huo mavuno yanakuwa yametoka na mbuzi wameachiwa mashambani, kwa hiyo mche usiozungushiwa miiba hauishi. Iambieni kamati ihamishie miti likizo ya Desemba, ardhi ikishalowa, na ipandwe michache ambayo kaya za kijijini zenyewe zimeomba na kukubali kuitunza.

Sasa rangi. Darasa la mita 9 kwa 7 lina mzunguko wa mita 32. Mita moja ya chini hupakwa rangi ya mafuta ili ifutike, na mita mbili za juu rangi ya maji. Ukitoa milango na madirisha, juu hubaki kama mita za mraba 50. Lita moja hufunika mita za mraba 8 hivi kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 12 au 13: ndoo moja ya lita 20 inatosha na masalia ya kurekebishia. Kwa chini nunueni makopo mawili ya lita 4.

Kinachoharibu kazi hii ni ukuta, mara chache ni rangi. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, kuna chokaa ya zamani inayopukutika, na rangi yoyote juu yake itabanduka. Ikwanguliwe yote, ukuta ufutwe kwa kitambaa kibichi, ukauke, nyufa zizibwe, ndipo rangi. Kukwangua ni kazi ya watu wazima, ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji na watoto wakiwa mbali, maana rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto. Pia msizidishe maji kwenye rangi ili ienee. Itaenea leo, ila mtahitaji mkono wa tatu na wa nne.

Watu wazima wakishaondoa vumbi la kukwangua, watoto wa miaka 5 hadi 8 wafunike madawati kwa magazeti, waoshe brashi za rangi ya maji. Wa 9 hadi 13 washike rola na kupaka sehemu wanayoifikia wakiwa wamesimama chini. Ngazi ni ya watu wazima. Rangi ya mafuta na thina ziachwe siku ya mwisho, watoto wakiwa nje na madirisha wazi. Anzeni saa 1:30 asubuhi, watoto waachie saa 5. Baadaye upepo huinua vumbi likaganda kwenye rangi mbichi, na mtoto aliyechoka humwaga ndoo. Bebeni masweta, asubuhi za Juni zina baridi.

SWALI: Tunaambiwa maji ya huko ni ya chumvi. Tujiandaeje kwa maji na chakula? – Katibu wa kamati hiyo hiyo

JIBU: Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na watoto wa mjini wataacha kunywa. Maji ya kunywa yatoke nyumbani: lita 3 kwa mtu kwa siku, watu 26, siku nne, ni lita 312, madumu 16. Maji ya kupikia, kuoga na kufulia, wekeni lita 12 kwa kila mtu kwa siku. Hizo ni karibu lita 1,250, na mlipie kisimani kama wenyeji wanavyolipia. Msiwatangulie foleni.

Unga wa ugali kilo 7 kwa mlo unatosha ninyi na mama zetu watakaopika. Walipwe, wana mashamba na watoto wao wanaowasubiri. Mlenda upo tele na haugharimu kitu kikubwa, watoto wauzoee kabla ya safari. Mkichinja mbuzi, achinje Mwislamu, ili jirani yeyote atakayekaribishwa aweze kula.

SWALI: Tunaweza kugawa pipi na nguo za mitumba kwa watoto wa kijijini? – Nkuhungu

JIBU: Si mkononi, barabarani. Wenye nguvu watapata, wadogo watalia. Mpeni mwinjilisti na wazee wa kanisa, wao wanajua nyumba ipi ina shida. Picha ya mtoto, mwombeni mzazi wake kwanza.

SWALI: Mwanangu wa miaka 13 anataka kwenda, lakini mimi na mume wangu tuko kazini. Nimruhusu? – Mama, Area C

JIBU: Mruhusu ikiwa familia moja imekubali kumlea kwa jina, na si "usharika utamwangalia". Andika barua ya ridhaa yenye namba zako mbili za simu, dawa anazotumia, vyakula vinavyomdhuru, na ruhusa ya kumpeleka zahanati. Weka kadi yake ya bima. Uliza atalala wapi na nani: wavulana na wasichana mbalimbali, watu wazima wawili kila chumba, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto asiye wake, awe mchungaji au mpishi. Uliza pia kama mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wamepata barua ya ugeni, na kama Costa iliyokodiwa ina kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha safari hiyo na kiti kwa kila mtoto. Kama jibu ni "watapakatana", mwanao abaki nyumbani mpaka lipatikane gari la pili.