Barua kwa mwanangu: printa au brashi?

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kama kuna maana ya kuanza leo kujifunza kutengeneza na kupaka rangi sanamu ndogo, wakati printa ya 3D inatoa askari mzima kwa usiku mmoja na programu za akili mnemba zinafinyanga umbo kwa sentensi mbili tu ulizoandika. Ukaongeza: kama maana ipo, fedha yako ya kwanza iende kwenye printa au kwenye brashi?

Iende kwenye brashi. Brashi mbili nzuri, rangi nane, na sanamu moja iliyotengenezwa vizuri na mtu mwingine. Printa itafuata ukishajua unataka nini kutoka kwake. Umeniuliza habari za kesho, lakini niruhusu nianze na jana kidogo.

Tangu William Britain wa Uingereza alipoanza mwaka 1893 kuuza askari wa risasi walio wazi ndani, kila mageuzi katika ufundi huu yamerahisisha kupata mwili wa sanamu. Yeye alimimina risasi katika kalibu na kuimwaga iliyobaki kabla ya kuganda katikati, madini yakatumika kidogo na bei ikashuka. Baadaye ikaja plastiki ya viwandani, kisha rezini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda, ya kumiminwa katika kalibu za silikoni, iliyomwezesha fundi mmoja mwenye meza moja kuuza kazi yake dunia nzima. Kalibu ya silikoni hutoa makumi machache ya nakala, halafu huanza kuchanika mahali pembamba, chini ya kidevu na nyuma ya magoti. Ndiyo maana nakala za mwisho huja na vinundu ambavyo sanamu mama haikuwa navyo. Chuck Hull alipata hataza ya uchapaji wa rezini kwa mwanga mwaka 1986. Leo printa ya mezani ina skrini inayopitisha mwanga wa nanomita 405 chini ya trei ya rezini na kuigandisha tabaka baada ya tabaka, kila moja milimita 0.03 hadi 0.05. Hakuna kalibu ya kuchanika, na faili halichakai.

Askari wa Britain waliuzwa wakiwa wamepakwa rangi, lakini sanamu za ufundi huu wetu zimeendelea kufika mezani tupu, zikisubiri mkono. Na sababu yake si kwamba watengenezaji wamekosa uwezo wa kuitia rangi. Mtu wa mita 1.73 akipunguzwa mara 32 anabaki milimita 54, kipimo cha askari wa zamani. Jua halikupunguzwa pamoja naye. Mkunjo wa koti wenye kina cha sentimita 3 unabaki na kina kisichofika milimita 1, na taa ya chumbani haiwezi kuutia kivuli cha maana. Kwa hiyo sanamu iliyopakwa rangi sahihi kabisa, moja ya koti, moja ya ngozi, moja ya buti, huonekana kama kitu cha kuchezea. Anayeleta jua ni mpakaji: yeye huchagua linatoka wapi, kisha anachora kwa rangi mwanga na kivuli ambavyo ukubwa wa sanamu umevinyima nafasi.

Zipo tayari printa zinazotoa sanamu ikiwa na rangi zake. Hudondosha matone ya rangi ndani ya kitu kinachopitisha mwanga kidogo, hivyo mwanga huingia ndani, rangi zinachanganyika, na kingo za jicho au kishikizo hufifia. Kasoro hiyo itapungua. Hata ikiisha, bado mtu atalazimika kuamua jua liko upande gani, na uamuzi huo hujifunzwa kwa brashi mkononi.

Basi anza hivi. Osha sanamu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kwa sababu mafuta ya kalibu hukataa rangi. Kwangua mishono kwa kisu, msasa namba 400, kisha 800. Praima ya kopo, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, ipulizwe kutoka sentimita 20 hadi 25, kwa mapito mepesi yanayoanza nje ya sanamu na kuishia nje yake. Ukipuliza kutoka mbali, hasa siku ya joto, matone hukauka hewani na kutua kama vumbi. Ukigusa utahisi msasa, na hakuna rangi itakayokaa laini juu yake. Ukipuliza karibu mno, mikunjo inajaa. Weka nyeusi pande zote, kijivu kutoka juu kwa mshazari, na nyeupe kidogo kutoka utosini moja kwa moja. Ikikauka ipige picha. Hiyo ndiyo ramani yako ya mwanga, na utairudia kila unapopotea.

Rangi ya akriliki kwa tabaka za msingi ichanganywe na maji karibu nusu kwa nusu, na iwekwe mara mbili au tatu. Kwa mpito wa kivuli kwenda mwangani, sehemu moja ya rangi kwa sita za maji au zaidi, na brashi ifutwe kwenye karatasi laini kabla ya kugusa sanamu. Usipoifuta, maji yatakimbilia kwenye mikunjo na kukauka yakiwa na duara la rangi pembeni. Mstari wa brashi humwaga rangi nyingi pale unapoishia, kwa hiyo ukitia kivuli maliza mkono wako kivulini, ukitia mwanga umalize kwenye mwanga. Wengi hufanya kinyume kwa miaka na kulaumu rangi. Na usirudi juu ya tabaka ambalo halijakauka, utaling'oa. Ili rangi isikauke mezani, weka sponji katika kisahani, maji yasifike juu ya sponji, kisha tandika karatasi ya kuokea na uchanganyie rangi hapo.

Brashi: namba 1 na namba 2 zenye ncha kali. Usidanganywe na namba 000. Hubeba rangi kidogo kiasi kwamba hukauka kabla hujafika kwenye jicho. Usichovye zaidi ya nusu ya nywele, maana rangi ikipanda hadi kwenye chuma kinachozishika, hukaukia humo na kuzitanua, na ncha haitarudi tena.

Macho kwanza, kabla ya ngozi, kwa sababu kosa la jicho husahihishwa kwa kope. Nyeupe ya jicho isiwe nyeupe safi. Itie chembe ya kahawia. Mboni iguse kope la juu na la chini, la sivyo uso utakuwa wa mtu aliyeshtuka. Mpe macho ya kutazama kando kidogo, maana makengeza hujificha vizuri zaidi huko kuliko kwenye macho yanayotazama mbele. Mstari wa kope la juu uwe kahawia nzito. Mweusi mtupu hufanya jicho liwe tundu.

Kwenye ngozi ndipo watu wengi huharibu kwa kuongeza nyeupe ili kupata mwanga. Ngozi hugeuka chaki. Kwa ngozi nyeupe ongeza njano iliyopauka, weka wekundu kwenye mashavu na pua, na kijivu cha samawati kidogo pale ndevu zinapoota. Kwa ngozi nyeusi anza na kahawia ya wastani, kivuli kikiwa na zambarau au samawati nzito, mwanga ukipanda kwa rangi ya chungwa iliyopoa. Sehemu zinazong'aa, yaani paji, mfupa wa shavu na mgongo wa pua, ziwe ndogo na zenye kingo kali kuliko za ngozi nyeupe. Kupaka ngozi nyeusi vizuri ni jambo ambalo maelekezo mengi ya ufundi huu yamelipita juu juu, na natamani kizazi chako kilishughulikie kwa uzito unaostahili.

Rangi za mafuta bado zina nafasi yake usoni, kwa kuwa hukupa saa nzima ya kulainisha mpito. Kamulia kidogo kwenye kadibodi na uache saa kadhaa inyonywe mafuta, ndipo itakauka bila kung'aa. Ipake nyembamba sana juu ya akriliki iliyokauka, halafu usiiguse kwa siku kadhaa.

Mwaka 2019 Citadel, chapa ya rangi za sanamu ndogo, walitoa rangi walizoziita Contrast, nyembamba na zenye nguvu, zinazokimbilia mikunjoni na kuacha miinuko ikiwa na mwanga kwa mpako mmoja. Sasa kampuni nyingine nazo zinauza za namna hiyo. Ukiwa na askari sitini wa mchezo wa mezani zitumie bila aibu, juu ya praima nyeusi uliyopitisha brashi kavu yenye kijivu kisha nyeupe. Rangi ikituama mahali, inyonye kwa brashi safi yenye unyevu kabla haijakauka. Ila kwenye uso zinafuata umbo tu, na umbo halijui jua liko wapi.

Sasa printa. Utaitaka, na sikukatazi, ila ijue ilivyo: ni karakana yenye kemikali. Rezini mbichi huweza kukuletea mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaingia hauondoki. Vaa glovu za naitrili, fungua hewa, na usimwage alkoholi ya kuoshea sanamu zilizochapwa kwenye bomba. Iweke juani mpaka rezini iliyomo igande, uichuje, na unachotupa kiwe kigumu.

Laza sanamu kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45, uso ukiwa mbali na nguzo za kuishikilia, kwa maana kila nguzo huacha kovu. Nguzo nene ziende mgongoni na kwenye nyayo. Sanamu ya kichwa na mabega iachwe wazi ndani, ukuta ukiwa milimita 2, na uiachie matundu mawili ya milimita 3, moja karibu na bamba ambalo sanamu huning'inia ikichapwa. Bila tundu hilo sanamu hushika trei kama kikombe kilichofyonzwa, na kila tabaka huvutwa hadi kitu kipasuke. Chumba kikiwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi rezini huwa nzito na nguzo hung'oka. Mwanga ukikaa muda mrefu mno kwa kila tabaka, vishikizo vinavimba na vidole vinashikana. Osha mara mbili katika alkoholi ya isopropili, kausha kabisa, ndipo uweke chini ya miale ya kugandisha. Ikiingia na unyevu itatoka na ukungu mweupe. Na osha ndani pia. Rezini mbichi iliyobaki tumboni hupasua ukuta miezi kadhaa baadaye, wakati rangi yako yote imekwisha kukauka.

Kuhusu maumbo ya akili mnemba: mengi hupendeza kwenye skrini na kushindwa kwenye trei. Mkanda unaingia chini ya kwapa na hautokei upande wa pili, vishikizo havina tundu, joho halina unene. Kuna pia hesabu ambayo lazima mtu aifanye. Upanga wenye unene wa milimita 5 kwa uhalisia, ukipunguzwa mara 32, unabaki milimita 0.16. Utavunjika ukiutazama. Uneneshe hadi 0.6 au zaidi, au uchonge kwa bati jembamba. Kwa hiyo jifunze Blender, programu ya kuchonga maumbo kwenye kompyuta, ambayo ni bure, na jifunze pia kufinyanga kwa epoksi ya sehemu mbili, kiasi sawa kwa sawa, vyombo vikiloweshwa maji ili visinate. Una saa moja hadi mbili kabla haijakaza, na siku nzima kabla ya kuipiga msasa. Kuziba ufa wa bega au kurudisha kidole kilichovunjika ni kazi ya dakika kumi kwa epoksi.

Hofu yangu kuhusu hobi hii haiko kwenye mashine, iko kwenye rundo la sanamu za kijivu zisizopakwa rangi. Mwili wa sanamu ukiwa rahisi kiasi hiki, mtu huchapa mia moja na asimalize hata mmoja, na asiyemaliza haoni makosa yake, kwa kuwa mengi hujitokeza mwishoni. Jiwekee sharti: hakuna kuchapa nyingine mpaka iliyo mezani ipate vanishi. Na vanishi isipulizwe siku yenye unyevunyevu mwingi, itaganda kama umande mweupe juu ya kazi ya mwezi mzima.

Ukishakuwa nazo chache, zitunze. Za risasi zisikae katika kabati la mbao ya mwaloni, kwa sababu mvuke wa asidi ya mti huo huigeuza risasi kuwa unga mweupe. Za rezini ziepushe na dirisha, kwani jua huzitia umanjano na kuzifanya ziwe mfano wa biskuti. Chini ya kitako andika mwaka na rangi ulizotumia.

Anza na kichwa na mabega, kipimo cha moja kwa kumi. Uso wake una nafasi ya kukosea na kurekebisha, na hakuna sare ya kukuchosha. Ukimaliza ngozi tu, kabla ya nywele na nguo, nitumie picha mbili, moja ikiwa chini ya taa uliyopakia na nyingine ukiwa umeigeuza sanamu juu chini. Kama bado naona mwanga unatoka utosini hata ikiwa imepinduliwa, endelea na nywele.

Mzazi wako akupendaye