Kuhusu kusomea udaktari wa mifugo Lubumbashi
Mdogo wangu, unauliza kama uingie kitivo cha udaktari wa mifugo hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ilhali wazazi wako wanaiona kuwa kazi ya waliokosa nafasi ya kutibu watu. Waeleze kwa heshima kwamba shule ya kwanza ya fani hii ilianzishwa na Claude Bourgelat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati sotoka ilipokuwa ikiteketeza ng'ombe wa Ulaya, na kwamba ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ushindi ambao kwa magonjwa ya binadamu umepatikana dhidi ya ndui pekee. Kabla ya kujiandikisha, nenda machinjioni alfajiri, umtazame mkaguzi akipasua ini la ng'ombe kutafuta minyoo. Ukiistahimili harufu ile na bado ukatamani kumuuliza maswali, jiandikishe.