Jibu: hatari ya kuogopwa zaidi katika chumba cha injini

Ndugu, umeuliza iwapo kelele na joto ndizo hatari kubwa kwa anayeanza kazi katika chumba cha injini cha meli ya mizigo. Kelele, ambayo kanuni za kimataifa zinairuhusu kufikia desibeli 110, inahitaji vikinga masikio wakati wote, na joto linahitaji maji ya kutosha. Ninachokusihi ukiogope zaidi ni ukungu wa oili. Injini kuu ya meli kama Emma Maersk, yenye silinda 14 za kipenyo cha sentimita 96 kila moja, huzunguka takriban mara 100 tu kwa dakika. Hata hivyo, beringi yake moja (kipande kinachoshikilia mhimili unaozunguka) ikipata moto kupita kiasi, oili inayoigusa hugeuka mvuke, kisha ukungu unaoweza kulipuka ndani ya sanduku la krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kengele ya ukungu huo ikilia, mjulishe mhandisi wa zamu mara moja ili injini ipunguzwe mwendo na kusimamishwa, ondoka karibu na valvu za kutolea shinikizo, na usikubali mlango wa sanduku ufunguliwe mpaka injini ipoe kwa angalau dakika 20 hadi 30, kwani hewa safi ikiingia mapema huweza kuleta mlipuko wenyewe. Haraka ya kuwahi bandari si sababu ya kufupisha muda huo.