Baiskeli za chopa za maduka ya bei chee: anza kuangalia tairi la nyuma

Mkuu, umeuliza kama umnunulie kijana wako wa miaka 11 ile chopa ya Schwinn iitwayo Sting-Ray, baiskeli iliyoigizwa pikipiki ya foko ndefu, aliyoiona kwa jirani huko Texas, anayeuza vitu vyake nje ya gereji kwa dola 100. Wadau wamekujibu kwa mkato kwamba ni takataka ya dukani, achana nayo. Mimi niliwahi kufanya kazi ya kuunganisha baiskeli za maduka makubwa hapa Ohio, na hadi leo watoto wa mtaani kwetu wananiletea zao nizitengeneze, chopa zikiwemo. Nadhani jibu la wadau ni la haraka mno. Ila dola 100 nazo ni nyingi.

Kwanza ujue unanunua nini. Jina la Sting-Ray ni la zamani. Schwinn, kampuni ya baiskeli ya Chicago, iliitoa ya kwanza mwaka 1963, baada ya Al Fritz wa kampuni hiyo kusikia kwamba vijana wa California wanafunga usukani mrefu na siti ndefu kwenye vibaiskeli vya inchi 20. Ile ilikuwa baiskeli ya kweli, nyepesi kugeuza, na watoto wa Marekani waliipenda hasa. Waingereza nao wakaja na Raleigh Chopper, gurudumu dogo mbele na kubwa nyuma, gia inabadilishwa kwa wenzo uliosimama kwenye fremu kati ya mapaja. Hiyo ilirudishwa sokoni 2023 kwa pauni 950, kwa ajili ya wazee wanaokumbuka utoto wao.

Ya jirani yako ni mtoto wa zama nyingine. Schwinn ilifilisika 1992, ikafilisika tena 2001, ndipo Pacific Cycle wakainunua na kulipeleka jina kwenye maduka ya bei chee. Mwaka 2004, wakati Wamarekani wamekolea vipindi vya televisheni vya mafundi wa pikipiki za chopa, ikatoka Sting-Ray mpya iliyoiga pikipiki moja kwa moja: mbele gurudumu la inchi 24, jembamba, nyuma inchi 20 lenye tairi la upana wa inchi 4.25. Baadaye zikaja zenye nembo ya Orange County Choppers wenyewe, karakana ya kwenye vipindi hivyo. Gia moja. Chuma kitupu.

Sasa tuje kwenye kuiendesha, maana hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Ile foko, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, imelazwa mbele sana. Ukienda kasi ya wastani kwenye barabara iliyonyooka, imetulia, raha kabisa. Ukipunguza mwendo na kukata kona, gurudumu la mbele linataka kuangukia upande lenyewe na usukani unakuvuta. Kijana wa miaka 11 atalizoea kwa siku chache, mdogo wake wa miaka 7 atakula mweleka. Mlimani ndiyo kabisa: siti iko chini na nyuma, kwa hiyo huwezi kusimama ukakanyaga kwa uzito wa mwili. Na kijana akirefuka, siti haipandi kiasi cha kumfaa. Magoti yatamfika kifuani. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: anataka ya kuendea shule, au ya kuringia mtaani jioni na wenzake? Kama ni shule, hapana. Kama ni kuringa, hakuna baiskeli ya bei hiyo inayoifikia, na kuringa nako ni haki ya mtoto.

Breki. Nyingi nilizoshika zina breki moja tu, ya nyuma, unayoikaza kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Mnyororo ukitoka, breki imeondoka nao. Kwa hiyo ushike mnyororo katikati uutikise: ukicheza zaidi ya nusu inchi, sogeza gurudumu nyuma kabla mtoto hajapanda. Halafu tafuta kile kimkono cha chuma kinachotoka kwenye habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) upande wa kushoto na kufungwa kwa klipu kwenye fremu. Hicho ndicho kinachozuia habu isizunguke mtoto akifunga breki. Nimekuta baiskeli zimetoka dukani klipu ikiwa imelegea, na moja haikuwa na klipu kabisa.

Hilo halinishangazi. Tulikuwa tunalipwa kwa idadi. Baiskeli inakuja kwenye boksi ikiwa imeunganishwa nusu, kazi yako ni usukani, gurudumu la mbele, siti na pedali, na kadiri unavyoharakisha ndivyo unavyoondoka na chochote. Hakuna anayelipwa kuangalia habu. Kwenye baiskeli za kawaida utaona hata foko imefungwa nyuma-mbele na iko dukani inauzwa. Chopa angalau ukiigeuza foko hata mteja kipofu atashtuka. Pedali ya kushoto ndiyo ugonjwa mkubwa: uzi wake wa skrubu ni wa kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kushoto. Mwenye haraka analazimisha, uzi wa krenki (mkono unaoshika pedali) unakwanguka, na baada ya wiki pedali inadondoka. Ichomoe utazame uzi. Krenki za baiskeli hizi ni kipande kimoja cha chuma kilichopita ndani ya fremu, nati za upande wa kushoto nazo ni za kinyume, na grisi ya kiwandani mara nyingi ni ya kunusisha tu. Fungua, safisha gololi, jaza grisi, funga mpaka uchezaji uishe lakini izunguke bila kukwama. Kwa mtu mwenye spana ni kazi ya saa moja.

Kuna mdau ameuliza kwa nini hizi mpya hazina ule wenzo wa gia kwenye fremu wala siti yenye mgongo mrefu kama za zamani. Sheria. Miaka ya 1970 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilikataza vitu vilivyochomoza kwenye bomba la juu la fremu, ikaweka kikomo cha mgongo wa siti kuwa inchi 5 juu ya kikalio na ncha za usukani zisipande zaidi ya inchi 16 juu ya siti. Sheria hiyohiyo inataka baiskeli yenye breki ya miguu pekee isimame ndani ya futi 15 kutoka kasi ya maili 10 kwa saa. Chora mistari miwili kwa chaki kwenye maegesho, upande mwenyewe ujaribu. Ikipita mstari kwa mbali, habu inahitaji kufunguliwa.

Tairi la nyuma nimelipa kipaumbele kwenye kichwa cha habari kwa sababu ndilo linaloamua bei. Likipasuka, duka la kawaida halina. Siku hizi angalau kuna baiskeli za umeme za tairi nene za inchi 20 kwa 4, na tyubu zao nimezitumia bila shida. Kwa tairi lenyewe usiamini "inchi 20" iliyoandikwa, soma namba mbili za milimita ubavuni. Namba ya pili ndiyo kipenyo cha rimu. 406 na 451 zote huitwa inchi 20 na haziingiliani. Kunja mpira kwa kidole: ukiona nyufa kama za tope lililokauka, hesabu tairi jipya kwenye gharama.

Na wewe uliyesema utaipakia kwenye kontena kwenda Dar, fikiri tena. Fundi wa Buguruni ana kila kitu cha Phoenix ya inchi 28. Tairi la inchi 4.25 utamtumia kila mara kutoka huko huko.

Kwa jirani yako, tairi likiwa zima na breki ikishika, mpe dola 50. Akikataa ongeza kumi. Tairi likiwa na nyufa, 25, na hapo bado utatafuta tairi.