Ua wa jirani umevuka mpaka? Kabla hujashika panga soma hii

Ndugu, umesema ua wa jirani umeingia kwa ploti yako karibu mita nzima, ukimwambia anacheka tu, na sasa unataka umalize kazi na panga Jumapili akiwa kanisani. Ngoja kwanza. Mimi hiyo Jumapili yako niliifanya hapa Tororo, Uganda, na ilinitesa karibu mwaka mzima, acha nikuelezee.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kazi ya reli, anaishi na mjukuu wake. Katikati yetu kuna ua wa kayaba ile ya miiba mirefu, ilipandwa zamani kabla mimi sijanunua, na miaka ya karibuni mgongo ukamkataa mzee akawa hawezi kufyeka. Sasa unajua kayaba ukiiacha misimu miwili ya mvua inavyokuwa, ikafika mpaka kwa sukuma wiki yangu, kuku wakaanza kutaga humo ndani na mayai siwezi kuyatoa manake ule mwiba ukikuchoma kidole kinavimba siku mbili. Juu ya kayaba mzee alikuwa amepandisha pasheni. Alafu kule nyuma kuna mfenesi wake, matawi yamekaa juu ya bati la banda langu la kuku, na fenesi likianguka juu ya bati saa nane usiku we mwenyewe fikiria, mara ya kwanza nilitoka na rungu nikijua ni wezi.

Basi mzee akaenda matanga kijijini siku nne. Nikaona nafasi ndio hii. Nikatafuta kijana mwenye panga na slasha, nikamlipa shilingi 15,000, tukakata kila kitu kilichovuka ule waya wa zamani unaopita hapo. Hata mguu sikuweka kwake, nilikuwa najiona mtu wa haki kabisa.

Kumbe ile pasheni sikuifuata mpaka mwisho. Shina liko kwa mzee, ikapanda kayaba, ikashuka kwangu, ikatembea kwa waya kama hatua nane hivi, alafu ikarudi tena kwake ikapanda mti mwingine, na huko mwisho ndiko kulikuwa na matunda. Mimi nimekata katikati. Mzee anarudi anakuta majani yamejikunja, pasheni za kijani zinaning'inia zimeanza kulegea na kusinyaa, nilizihesabu baadaye na aibu yangu, zilikuwa 60 na kitu. Hakupiga kelele. Alisimama kwa ua akaniita, "Mwanangu, njoo uone." Heri angenitukana.

Nikaanza kuomba msamaha kwa pasheni, yeye akaniuliza, "Mpaka unaupeleka wapi?" Hapo ndio nikaelewa. Kilichomuuma siyo matunda, ni kwamba ameondoka akauacha ua hapa, amerudi ameukuta pale, na yeye alikuwa kwa matanga. Sisi Uganda mmea wa mpakani siyo urembo jamani. Waganda wana mmea wao wanaoupanda mpakani wanauita mulamula, jina lenyewe ni la kuamua kesi. Ardhi nyingi huku ni ya kimila, hati hakuna, ushahidi wako ni mti pamoja na mzee anayekumbuka nani aliupanda, sasa wewe ukiukata mwenye nyumba akiwa hayupo hata kama una haki unaonekana mwizi wa ardhi tu.

Mzee akaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, barua ikanifikia. Tukakaa chini ya mwembe, watu kama tisa hivi, na mimi nimejiandaa, binamu yangu anayesomea sheria alikuwa amenifundisha kwamba sheria tuliyorithi kwa Waingereza tangu 1902 inakuruhusu kukata tawi lililovuka, kuna hata kesi ya Lemmon na Webb ya 1894, huhitaji kumpa jirani notisi, mradi usiingie kwake, usipitilize mpaka, na ulichokata umrudishie pamoja na matunda manake mali bado ni yake (hiyo ya kurudisha mimi nilikuwa nimeshawapa mbuzi). Nikamwaga yote. Mwenyekiti akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Na mpaka wenyewe uko wapi?"

Waya, nikasema. Mzee akacheka, ati huo waya aliufunga yeye mwenyewe kuzuia mbuzi. Tukaenda na jembe kutafuta mawe ya sevea, yale ambayo wapimaji ardhi huzika kuonyesha mpaka, kuchimba kidogo tukalipata moja, liko upande WANGU wa waya kama futi mbili. Yaani sehemu ya kayaba niliyokata ilikuwa imesimama kwake halali kabisa. Binamu hakuwa na kesi ya hiyo.

Nikalipa pasheni, nikanunua miche mitatu, na tukaandikiana mbele ya LC: kayaba inabaki urefu wa kifua, nafyeka mimi pande zote mbili kwa sababu ya mgongo wa mzee, mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti kabla mvua hazijaanza, na mjukuu anakuwepo.

Kwa hiyo wewe tafuta mawe kwanza, tembea mpaka pamoja na jirani, akikataa nenda kwa LC1 kabla ya panga siyo baada, korti za LC zina sheria yake tangu 2006 na haya mambo ndiyo yao. Kitu kinachotambaa kifuate mpaka kwa ncha. Kama ua wako ni ule wa utomvu mweupe funika macho, utomvu ukiingia jichoni ni hospitali. Tawi lililogusa nyaya za umeme usilipande, ita watu wa umeme. Na mtu akikushauri umwage chumvi na dizeli kwa mizizi usiku, huyo anakupeleka polisi, kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni jinai, tena udongo ni huohuo, mboga zako nazo zitakufa.

Mfenesi bado hatujamalizana. Tawi moja limebaki juu ya banda, mzee anasema lina mafenesi matatu niyaache yakomae kwanza, tutagawana. Kwa sasa nimepanga magunia ya maranda juu ya bati.